Treni saa tano, safari saa kumi na tatu: hizo nane zimepotelea wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Ukunda, nimelifupisha kidogo tu: "Mwanangu, nilikuwa naenda kumwona binti yangu anayekaa Kasarani, Nairobi. Tiketi yangu ilikuwa ya treni ya saa tisa alasiri. Nimetoka kwangu saa nne asubuhi, nimefika kwa binti yangu saa tano za usiku, miguu imevimba. Na treni yenyewe wanasema ni saa tano tu. Mume wangu ananicheka, ati bora basi. Sasa wewe uliyesomea mambo haya niambie, treni yetu ina shida gani, na ni kitu gani kinaweza kufanywa ambacho si cha kungoja miaka ishirini?"

Shikamoo mama. Pole kwa miguu. Na ahsante, manake wakubwa wengi huuliza treni inakimbia vipi, wewe umeuliza safari imekula muda gani, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa.

Hebu tuhesabu. Saa nne asubuhi mpaka saa tano usiku ni saa 13. Kwenye kiti cha treni umekaa saa 5. Zimebaki 8, na nadhani najua zilivyokwenda: matatu ya Ukunda mpaka Likoni inayosimama kila mti, alafu feri, alafu kupanda kile kilima na mabegi na watu wote wa Likoni nyuma yako, alafu matatu ingine ya kwenda Miritini na ile foleni ya malori Changamwe, umefika stesheni mapema sana kwa sababu uliogopa kuchelewa, umekaa ukingoja. Treni imekushusha Syokimau saa mbili usiku, hapo bado uko nje ya mji, utafute cha kukufikisha mjini, mjini utafute cha Kasarani. Ukiangalia vizuri hapo treni ndo sehemu iliyofanya kazi yake.

Sasa watu wakisikia saa 5 wanasema iongezwe mbio, na wako watu wenye akili zao wanaosema hivyo. Reli hii ya Mombasa–Nairobi ni kama kilomita 472, treni ya abiria inaruhusiwa mpaka 120 kwa saa, ukigawanya kwa saa 5 wastani wake unakuja karibu 94, na usisahau inatoka usawa wa bahari inapanda mpaka Nairobi ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu. Kwa vichwa vya dizeli hiyo si mbaya hata kidogo. Ukitaka ifike 160 kama ya wenzetu wa Dar utahitaji nyaya za umeme, vichwa vipya, signali ziangaliwe upya, kona ziangaliwe upya, mabilioni mengine juu ya yale 327 ya shilingi ya kuijenga ambayo bado tunayalipa, na ukimaliza yote hayo umeokoa saa moja na kidogo. Wewe mama umepoteza saa 8 nje ya treni. Mimi ningeanza na hizo 8, kwa sababu kule saa moja inapatikana kwa bei ya mabasi kadhaa na mtu mmoja mwenye saa mkononi.

Kuna jambo lingine sisi wa mipango ya usafiri tunalijua lakini hatulisemi kwa sauti ya kutosha. Dakika ya kungoja haina uzito sawa na dakika ya kuketi ndani ya gari linalokwenda, abiria anaihisi karibu mara mbili, na kila mara unapobadilisha gari kuna uchovu wake juu yake. Na kubwa zaidi ya hiyo ni kutojua. Kwani ulitoka saa nne kwa nini? Hukutoka saa nne kwa sababu njia inahitaji saa tano, umetoka saa nne kwa sababu hujui feri leo iko vipi, hujui matatu itajaza saa ngapi, hujui Changamwe kumelala lori au la, na ukichelewa dakika kumi mlango umefungwa na 1,500 yako imekwenda. Kwa hiyo unalipa bima, unailipa kwa masaa ya maisha yako, umekaa kwenye kiti cha stesheni unatazama ukuta. Usafiri ukiwa wa pole pole lakini wa kuaminika watu wanaishi nao vizuri tu, ila ukiwa wa bahati nasibu hata kama ni wa haraka watu wanatoka nyumbani masaa matatu mapema.

Nikupe la kukusaidia wewe kwanza kabla sijaendelea na lawama. Wewe ni mtu wa Kusini, usipite feri ukienda treni. Barabara ya Dongo Kundu inatoka kwenu kule Kibundani, inapita daraja la Mteza, Tsunza, daraja la Mwache, inakutoa upande wa Miritini, hujagusa feri wala kisiwa. Shida ni kwamba mazoea yetu na steji zetu zote bado ziko Likoni, matatu zinafuata abiria na abiria wanafuata matatu, hakuna anayeanza. Kwa hiyo kwa sasa tafuteni wenzenu wanne wa treni moja, Ukunda hamkosi, mkodi gari mchange, mtaona tofauti. Tena kwa mtu wa miguu kuvimba hiyo peke yake ni nusu ya dawa.

Lakini mtu binafsi kukodi gari si mpango wa usafiri, ni kujiokoa. Mpango ungekuwa hivi: basi linatoka Ukunda kila siku saa fulani linajulikana, linapita Dongo Kundu, linafika Miritini saa moja na robo kabla ya treni. Lingine linatoka Mtwapa linapita Bamburi na Nyali. Na jioni mabasi hayohayo yako nje ya stesheni, yanangoja treni, hata ikichelewa dakika 40 yanangoja, na tiketi ya basi umelipa pamoja na ya treni kwenye simu. Hakuna kitu kipya hapo, Waswisi wanafanya hivyo miaka mingi. Wao tangu 1982 wana ratiba ya nchi nzima inayojirudia kila saa, treni zinaingia stesheni kubwa karibu wakati mmoja, mabasi yako nje, watu wanabadilishana dakika chache, zote zinaondoka. Na 2004 walipokamilisha mradi wao mkubwa wa reli, safari ya Zürich–Bern wakaishusha ikawa chini ya saa 1. Wengi wanadhani walitaka sifa za mbio. Walichotaka ni treni iwahi kuingia kabla ya saa kamili ili abiria wa mabasi wasikose. Waliandika ratiba kwanza, ndo wakajua ni wapi wanahitaji reli mpya na ni wapi hawahitaji. Sisi tulijenga reli, tukajenga stesheni nzuri ya kupigia picha, alafu ndo tukaanza kuuliza watu watafika vipi.

Mtu ataniambia matatu zipo Miritini, si wanangoja abiria? Wapo ndio. Lakini angalia hesabu. Treni ikijaa inabeba watu zaidi ya 1,200. Matatu ya Hiace inabeba 14. Gawanya, unahitaji matatu 86 kwa mpigo mmoja, hapo hapo, usiku. Ni kama kupika pilau sufuria la harusi kisha upakue kwa kijiko cha chai. Ndo maana ukishuka Miritini unakuta vile: makanga wanavuta mabegi, teksi wanakutajia bei ya mtalii hata kama umevaa leso, tuktuk zimejazana mlangoni, na wazee wamesimama pembeni na maboksi yao wakingoja vurugu ipungue. Na usimlaumu sana mwenye matatu. Gari yake inaingiza pesa ikijaa na ikizunguka, jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Ukimwambia angoje treni iliyochelewa dakika 40 unamwambia ale hasara yako. Hawezi kungoja mpaka awepo mtu wa kumlipa kungoja, na huyo ni yule aliyeuza tiketi ya treni. Weka shilingi kidogo juu ya kila tiketi, saini mkataba na sacco mbili tatu, yaani vyama vya wenye matatu, walipwe kwa safari na si kwa kichwa, wapigwe faini wakiondoka kabla ya treni. Mambo ya mkataba tu hayo, hayahitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Alafu kuna reli ya zamani. Hii nyembamba ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa 1896 hapa hapa Mombasa, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Stesheni yake iko kisiwani kabisa, unashuka unatembea kwa miguu mpaka Mwembe Tayari. Treni za zamani zilikuwa na mambo yake, zilichelewa mpaka watu wakazoea, lakini zilikuweka mjini. Kuunganisha stesheni ile na Miritini kwa treni ndogo ni jambo zuri na mimi naliunga mkono mia kwa mia. Nairobi wameshafanya kitu kama hicho, kuna treni ndogo inayobeba abiria wa SGR, yaani hii reli mpya, kati ya stesheni kuu ya mjini na kule Syokimau, na baadhi ya treni zao za mjini zilinunuliwa zikiwa zimetumika Uhispania, zikaja 2020, na wala si aibu, mtumba mzuri ni mzuri. Ila mimi kwenye treni ya kuunganisha siangalii rangi. Nauliza: inaondoka dakika ngapi baada ya SGR kuingia? SGR ikichelewa inangoja? Tiketi ni moja au nianze kupanga foleni tena? Na nikiwa na mzigo wa nazi na mtoto, natoka behewa hili mpaka lile bila kupanda ngazi ngapi? Ukijibiwa vizuri hayo, hata treni ikiwa kuukuu watu wataipanda. Ukijibiwa vibaya itakuwa ya maonyesho, itabeba watu siku ya ufunguzi na waandishi wa habari.

Watu wengi hapa hupenda kutaja Dar, kwa nini wao wana treni ya umeme na sisi dizeli. Dar–Morogoro ilianza Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata, na kweli wamefanya vizuri, 160 kwa saa si mchezo. Lakini ukiniuliza mimi kitu kikubwa walichotushinda ni kwamba pale Dar stesheni iko mjini, jirani na ile ya zamani, karibu na Kariakoo. Mtu anatoka na begi lake daladala hizi hapa. Umeme tunaweza kuuweka baadaye, ila stesheni ikishajengwa mbali imejengwa mbali, kinachobaki ni kuisogeza kwa ratiba.

Sasa nije kwa jambo ambalo hukuuliza mama lakini linanikera kuliko yote, na ni la majirani zetu wa Voi, Mariakani, Miasenyi. Hii reli ilipofunguliwa 2017 tuliambiwa itafungua kaunti zote inazopita. Kuna treni moja kwa siku kila upande inayosimama stesheni za kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Inaondoka Mombasa saa mbili asubuhi, na Nairobi vilevile saa mbili asubuhi. Jiweke wewe ni mtu wa Voi una kliniki kule hospitali ya Makadara, Mombasa. Treni ya kuja Mombasa inatoka Nairobi asubuhi, kwako inapita mchana, Mombasa inaingia alasiri. Ukifika Makadara daktari ameshaondoka. Unalala Mombasa kwa mtu, kesho yake umwone daktari, lakini treni ya kurudi Voi inaondoka saa mbili asubuhi kabla hata hujapata namba ya kliniki, kwa hiyo unalala tena. Usiku mbili kwa kilomita kama 150! Ndo maana mtu wa Voi anasimama barabarani anapunga basi, na treni inampita na viti.

Dawa yake ni treni ndogo ya Pwani. Mabehewa manne matano, si lazima yale marefu, yanatoka Voi alfajiri saa kumi na moja na nusu, yanasimama Miasenyi na Mariakani, yanaingia Miritini kabla ya saa mbili. Saa kumi na moja jioni yanarudi. Mwanafunzi, mgonjwa, mwenye kesi mahakamani, muuza mboga, mfanyakazi wa Mariakani anayeteseka na malori ya Mazeras, wote hao wamepata njia. Na wakati ule wa mchana treni imelala tu Miritini, unaweza kuipeleka Mariakani ikarudi.

Ugumu upo na siwezi kukuficha. Reli yetu ni moja, haina ya kwenda na ya kurudi. Treni mbili zikikutana moja lazima iingie njia ya pembeni pale stesheni isubiri nyingine ipite. Ukielewa hilo unaelewa kuchelewa kwingi unakokuona: treni ya Nairobi ikichelewa kuondoka nusu saa, ile iliyotoka Mombasa kwa wakati wake inaweza kujikuta imekaa Mtito Andei inaisubiri, abiria wanachungulia dirishani wanalaani dereva ambaye hana kosa lolote. Na kati yao kuna treni za makontena kutoka bandarini, ndefu, nzito, zinakwenda pole pole, na hizo ndo zinaleta hela, kwa hiyo hakuna mtu atakayezifukuza. Kila treni mpya unayoongeza lazima itafutiwe nafasi yake ya kupita na mahali pa kupishana. Hiyo ya jioni ya saa kumi na moja ingekutana na ekspresi inayotoka Nairobi huko huko Miasenyi ama karibu na Voi, ya mizigo isogezwe nusu saa. Inawezekana kabisa, ni kazi ya kukaa chini na penseli na ile michoro ya mistari inayoonyesha kila treni iko wapi saa ngapi, mimi nimeifanya kazi hiyo na inaumiza macho lakini haiui mtu. Na pale ambapo nafasi imekosekana kweli, jenga njia ya kupishania moja ama urefushe iliyopo. Hiyo ni zege kidogo mahali panapojulikana, tofauti sana na kuanza kudai reli ya pili nzima mpaka Nairobi.

Nauli nayo. Mwanzo kabisa 2017 kulikuwa na bei ya kuonja ya 700, ikaja 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500 kawaida na 4,500 daraja la kwanza kutoka 3,000. Mtu mmoja anaweza akavumilia. Mume na mke na watoto wawili wa nusu nauli ni 4,500 kwenda tu, hujaweka teksi za pande zote mbili ambazo saa ingine zinakaribia nauli yenyewe. Hapo ndo mumeo ana hoja na usimkatalie kabisa. Basi linamshusha mjini, na hesabu ya mwisho wa safari mtu anaifanya na mfuko wake wote, si tiketi peke yake. Mimi bado nakwambia panda treni, ile barabara ya Mombasa usiku na malori yakipitana unaijua. Lakini bei moja kwa siku zote na saa zote ni uvivu. Disemba tiketi hazipatikani, Jumanne ya katikati ya muhula kuna viti vinasafiri vitupu, na kiti kitupu kikishaondoka Miritini hela yake haipatikani tena. Jumanne na Jumatano shusha bei, kikundi cha watu sita kipe punguzo, wanafunzi kipindi cha kufunga shule waongezewe mabehewa badala ya kuwaambia zimejaa. Ya sikukuu mimi nisingepandisha, watu wangeona wanakomolewa, na wana haki.

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyotaja ni simu. Tiketi umenunua kwa *639# ama mtandaoni, umelipa kwa M-Pesa, umeandika namba yako na kitambulisho. Kwa hiyo namba za watu wote 1,200 zipo mahali zimepangwa mpaka na behewa! Treni ikichelewa dakika 20 ujumbe mmoja tu: treni yako itaondoka saa tisa na dakika 20, itafika saa mbili na dakika 20. Binti yako Kasarani ajue atoke saa ngapi kuja kukuchukua, mwenye basi la Ukunda ajue, mwenye teksi ajue. Kuchelewa kwenyewe watu husamehe, wanachoshindwa kusamehe ni kukaa gizani.

Na pale mlangoni jamani. Unajua vile kulivyo, mabegi yanapangwa chini kwa mstari, watu mnarudi nyuma, mbwa anapita ananusa moja moja, akifika kwa beseni la samaki wa kukaanga anakawia kidogo na askari anamvuta kamba watu wanacheka. Alafu mashine, alafu kuchapisha tiketi, alafu kitambulisho, alafu mashine tena. Ukaguzi sitaki uondolewe. Lakini watu 1,200 kuambiwa wote njooni saa moja kabla ni kutengeneza foleni kwa makusudi. Waambie behewa la kwanza mpaka la tano waje saa saba na nusu, la sita kuendelea waje saa nane, iandikwe kwenye ujumbe wa tiketi. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wawe na mstari wao na benchi na kivuli. Kivuli Mombasa saa saba mchana si anasa.

Treni ya usiku ningeisogeza, sijui kwa nini hakuna anayelisema hili. Inaondoka saa nne usiku inafika Syokimau saa tisa na nusu, saa kumi alfajiri, wakati ambao mtu mwenye akili hataki kutoka nje ya geti pale. Watu wanalala kwenye viti vya stesheni mpaka kuche. Iondoke karibu saa sita usiku, ifike kunakaribia kupambazuka na treni ya mjini ya kwanza iko tayari. Mtu wa Kusini naye angepata muda wa kula chakula cha usiku nyumbani kwake.

Utaniuliza kama ni rahisi hivi mbona hayafanywi. Sababu ni kwamba safari yako haina mwenyewe. Reli kikatiba ni ya serikali kuu. Usafiri wa barabarani wa umma na maegesho ni mambo ya kaunti, yameandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Barabara kuu zina mamlaka yake, leseni za matatu zina mamlaka nyingine, feri iko chini ya bandari. Kila mmoja ukimuuliza atakuonyesha kipande chake kinafanya kazi, na hasemi uongo. Aliyebeba begi kupita kwenye vipande vyote vitano ni wewe peke yako. Mahali palipofanikiwa nchi zingine kulikuwa na ofisi moja yenye ratiba moja na tiketi moja, na bajeti ya kuwalipa wenye mabasi.

Kwa hiyo kaunti ya Kwale wakiwaita kwenye kikao cha bajeti, na huwa wanaita hata kama matangazo yanabandikwa pale ambapo hamna mtu, nendeni watu wa Ukunda na Diani msiombe reli. Ombeni basi la Dongo Kundu mara tatu kwa siku lenye saa zinazofuata treni, na muombe liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, manake la kuandikwa "kuboresha usafiri" huwa linaishia kwenye semina. Hoteli za Diani nazo zina wafanyakazi na wageni wanaopita njia hiyohiyo, waambieni wachangie viti. Mkipata viti 30 vya uhakika kwa siku, mwenye sacco atawasikiliza hata kabla ya kaunti.

Na safari yako ijayo mama, kama binti yako anaweza, chukua ile ya asubuhi. Ndio utaamka saa tisa usiku na gari la kukodi lazima liwe limekubaliwa jana yake, na ile inasimama njiani kwa hiyo ni kama saa 6, lakini Syokimau unafika alasiri, matatu za kwenda mjini zimejaa tele, na Kasarani unaingia kabla ya magharibi. Ukiwa na mtu Kitengela ama Athi River usiende mpaka mwisho, shuka Athi River. Na begi usizidishe, beba la magurudumu.